Hukumu ya Baraka na Ujira wa Wakili

Mwezi wa Februari mwaka 2011, mji wa Baraka, ulio ukingoni mwa Ziwa Tanganyika katika wilaya ya Fizi nchini Kongo, uliipokea mahakama ya kijeshi iliyosafiri na majaji na makarani wake ili kuhukumu ubakaji waliotendewa wanawake wa Fizi na askari wa serikali siku ya Mwaka Mpya. Na wanawake 49 wakasimama kutoa ushahidi, wengine wakiwa wamejifunika nyuso ili wasitambuliwe na majirani waliojaa kusikiliza. Tarehe 21, Luteni Kanali Kibibi Mutware alihukumiwa kifungo cha miaka 20 kwa jinai dhidi ya ubinadamu, na fidia ikakadiriwa kufikia dola 10,000 kwa mdhulumiwa mmoja, serikali ikitiwa katika deni hilo pamoja na askari wake.

Asili ya dhima hiyo ni kongwe, kwani amri ya tarehe 30 Julai 1888, iliyotolewa zama za Mfalme Leopold wa Ubelgiji, aliyeitawala Kongo wakati huo, ambaye askari wake mwenyewe waliwatesa raia bila ya kuulizwa, ndiyo iliyoweka kanuni kwamba bwana huwajibika kwa madhara yanayofanywa na mtumishi wake kazini.

Lakini haki haidaiwi bila wakili, na wakili naye ana nauli, chakula na ujira wake. Sheria ya Kongo ya mwaka 1979 iliwatwika mawakili wenyewe mzigo wa maskini, kwa kuliamuru baraza lao liweke ofisi ya ushauri wa bure. Na safari ile ya Baraka iliwezekana kwa msaada wa wageni, wakiwamo wanasheria wa Marekani, ambao kwao, tangu sheria ya mwaka 1980, raia aliyeishinda serikali katika daawa ya posho ya ulemavu aweza kuiomba mahakama iitoze serikali hiyo ujira wa wakili wake, isipokuwa ikithibitika kwamba msimamo wa serikali ulikuwa na msingi wa kutosha. Naona kanuni hiyo ni ya insafu, nayo ingewafaa zaidi wakulima wa Fizi, ambao hasimu wao ndiye mwenye hazina.

Kwani baada ya hukumu safari ilianza upya: mdai alitakiwa kulipa ushuru wa mahakama unaopimwa kwa kiasi cha fidia, au alete hati ya ufukara ili asamehewe, kisha, akiisha kuipata nakala ya hukumu, akakuta kwamba mali ya serikali haikamatwi kwa deni. Miaka ikapita, fidia isilipwe. Tarehe 26 Desemba 2022, karibu miaka 12 baada ya kikao cha Baraka, ndipo Kongo ilipotunga sheria ya kuwafidia wahanga wa ubakaji wa vita na kuwaundia mfuko wa taifa.