Marco van Basten: Mshambuliaji Aliyestaafishwa na Kifundo cha Mguu

Marco van Basten ni mchezaji mstaafu wa soka wa Uholanzi, aliyezaliwa mjini Utrecht tarehe 31 Oktoba, 1964. Anahesabiwa miongoni mwa washambuliaji mahiri zaidi katika historia ya mchezo huo, ingawa alicheza mechi yake ya mwisho akiwa na umri wa miaka 28 tu.

Alianza kuichezea Ajax ya Amsterdam Aprili, 1982, alipoingia uwanjani kuchukua nafasi ya Johan Cruyff na kufunga bao. Akiwa na klabu hiyo alipachika mabao 128 katika mechi 133 za ligi. Msimu wa 1985/86 alifunga mabao 37 katika mechi 26 na kutwaa Kiatu cha Dhahabu cha Ulaya.

Mwaka 1987 alihamia AC Milan ya Italia, lakini maumivu ya kifundo cha mguu yaliyomwanza akiwa Ajax yalimfanya acheze mechi 11 tu za ligi katika msimu wake wa kwanza. Alikwenda katika fainali za Mataifa ya Ulaya za mwaka 1988 akianzia benchi, akaibuka mfungaji bora kwa mabao matano. Katika fainali mjini Munich, krosi ya Arnold Mühren ilimkuta upande wa kulia. Aliupiga mpira kabla haujagusa ardhi, kutoka pembe finyu, ukampita kipa Rinat Dasaev. Uholanzi iliifunga Umoja wa Kisovieti mabao 2-0.

Akiwa Milan pamoja na Waholanzi wenzake, Ruud Gullit na Frank Rijkaard, alitwaa ubingwa wa Italia mara tatu na Kombe la Klabu Bingwa Ulaya mwaka 1989 na 1990. Alishinda tuzo ya Mpira wa Dhahabu mwaka 1988, 1989 na 1992.

Mei 26, 1993, alirejea katika uwanja uleule wa Munich, ambako Milan ilifungwa 1-0 na Marseille katika fainali ya Ligi ya Mabingwa. Hakucheza tena mechi ya ushindani. Baada ya miaka miwili ya matibabu yasiyofanikiwa, alitangaza kustaafu Agosti, 1995, akiwa ameichezea timu ya taifa mechi 58 na kuifungia mabao 24.

Aliifundisha timu hiyo kuanzia mwaka 2004 hadi 2008, kisha akazinoa Ajax na Heerenveen. Taji la mwaka 1988 limebaki kuwa taji kubwa pekee la timu ya taifa ya wanaume ya Uholanzi.