Maji ya Zambarau: Historia Fupi ya Rangi 256 na Kompyuta Iliyouzwa Bure

Mwaka 2011 nilikuwa na miaka 13, na kila nikitoka shule nilikuwa nashinda kwenye stesheneri ya mjomba wangu, Kasingirima, mjini Kigoma. Stesheneri yenyewe ilikuwa kama zile unazozijua: mashine moja ya kutoa kopi, printa moja, kompyuta moja ya mezani iliyokuja ikiwa mtumba, na foleni ya watu wanaotaka barua ya maombi ya kazi ichapwe kabla ofisi hazijafungwa. Jioni kazi ikipungua, mjomba ananiachia kiti. Hapo ndipo nilipokuwa najenga himaya zangu kwenye Age of Empires II.

Siku moja kijana wa mtaani akaja "kupiga Windows". XP ikatoka, Windows 7 ikaingia. Jioni yake nafungua gemu, nakutana na mauzauza: maji yamekuwa ya zambarau, nyasi zina madoa mekundu, wanajeshi nyuso kijani. Mimi nimekulia kandokando ya Ziwa Tanganyika. Rangi za maji nazijua, ya asubuhi ikiwa shwari na ya mchana upepo ukivuma. Lakini zambarau? Hapana.

Mjomba akamwita fundi. Fundi akaitazama skrini, akatikisa kichwa. "Mzee, kadi ya picha inaungua hii. Iuze mapema kabla haijazima kabisa." Wiki hiyohiyo ikauzwa kwa bei ya kutupa. Nyingine ilichukua miezi mitano kupatikana, na kwa miezi hiyo wateja wa kuchapa wakahamia kwingine. Mimi nikabaki naamini kwamba gemu langu ndilo lililoua kompyuta. Hakuna aliyenigombeza. Mjomba alisema tu, "Basi, yamepita," na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Sasa ngoja nikuambie nilichokuja kukijua miaka mingi baadaye nikiwa chuoni: kompyuta ile ilikuwa nzima. Kadi ya picha haikuwa na tatizo lolote. Tulichokiona kilikuwa ugomvi kati ya uamuzi wa miaka ya 1980 na Windows ya mwaka 2009, na dawa yake ilikuwa bure, kazi ya dakika moja. Ili uelewe ilikuwaje, inabidi turudi nyuma.

Pale memori ilipokuwa ghali

Mwaka 1987 kampuni ya IBM ilitoa mfumo wa picha ulioitwa VGA. Moja ya namna zake za kuonyesha picha ilikuwa na pikseli 320 kwa upana na 200 kwa kimo. Zidisha, unapata pikseli 64,000. Ukitaka kila pikseli iwe na rangi kamili, yaani kiasi chake cha nyekundu, cha kijani na cha bluu, unahitaji baiti tatu kwa kila pikseli. Hiyo ni baiti 192,000 kwa picha moja tu. Kwa kompyuta za wakati ule huo ulikuwa mzigo mkubwa.

Wahandisi wakatumia njia ya mkato. Kila pikseli ikapewa baiti moja, na baiti moja inabeba namba kuanzia 0 hadi 255. Lakini namba hiyo haikuwa rangi. Ilikuwa namba ya nafasi kwenye orodha ya rangi 256. Orodha hiyo ndiyo inaitwa paleti.

Fikiria mafundi wanapaka rangi boti pale Kibirizi. Msimamizi hana muda wa kueleza "weka bluu iliyokolea, yenye kijani kidogo". Ndoo 256 zimepangwa mstari, kila moja ina namba, na yeye anatuma namba tu: ubao huu ndoo ya 14, ule ndoo ya 200. Kazi inakimbia. Sharti ni moja: asitokee mtu akabadilisha rangi zilizomo ndani ya ndoo. Akifanya hivyo, msimamizi atatuma namba sahihi, fundi atapaka ubao sahihi, na boti itatoka kichekesho.

Watengenezaji wa gemu waliupenda mfumo huu, na si kwa sababu ya kubana memori peke yake. Kwenye Doom ya mwaka 1993, ukipigwa risasi skrini nzima inageuka nyekundu kwa muda mfupi. Kompyuta haikuwa inachora upya pikseli zote. Ilibadilisha paleti tu. Ukigusa ndoo 256, umebadilisha picha nzima kwa mkupuo.

Age of Empires II ilipotoka mwaka 1999, kompyuta zilikuwa zimepata nguvu, lakini hesabu bado ilikuwa na maana. Kwenye skrini ya pikseli 800 kwa 600, picha ya baiti moja kwa pikseli inachukua baiti 480,000. Ya baiti tatu inachukua 1,440,000. Na gemu lile lina mamia ya watu, miti na meli kwa wakati mmoja. Kwa hiyo likabaki na rangi 256.

Kwetu vizazi vyote vilifika pamoja

Hapa inabidi tuangalie historia yetu, maana ndiyo inayoeleza kwa nini mambo haya yalitukuta sana sisi.

Kompyuta ya kwanza Tanzania iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni bila kibali. Zanzibar walikuwa wameshaanza televisheni ya rangi mwaka 1973, lakini Bara tulisubiri hadi 1994 kupata vituo vya kwanza. Yaani VGA inazaliwa 1987, mtu wa Ujiji hana hata kituo kimoja cha televisheni cha nchi yake cha kutazama, achilia mbali kompyuta.

Zuio lilipolegea na mitumba ikaanza kumiminika, kompyuta hazikutufikia kwa mpangilio wa umri. Zilikuja zote kwa pamoja. Kwenye meza moja ya mjomba kulikuwa na sanduku lililotengenezwa mwaka mmoja, Windows ya mwaka mwingine kabisa, na gemu la 1999 lililokuja kwenye sidii ya kukopi. Mtu aliyenunua kila kitu kwa wakati wake hakuona sana migongano hii. Alikuwa ameshahamia kwenye gemu jipya. Aliyechanganya vizazi vitatu kwenye boksi moja ndiye aliyekutana nayo.

Nani aligusa ndoo?

Kwenye Windows za zamani, gemu la rangi 256 likijaza skrini, kwa kawaida lilibaki peke yake na ndoo zake. Kuanzia Windows Vista, na kisha Windows 7 iliyotoka mwaka 2009, namna ya kuchora deskitopu ilibadilishwa. Kila kitu kikaanza kuchorwa kwa rangi kamili kwa msaada wa kadi ya picha, na hali ya rangi 256 ikabaki kama mgeni wa zamani ambaye bado anapewa chumba.

Tatizo likawa Explorer. Namaanisha ile programu inayochora deskitopu na ule upau wa chini wenye saa, si ile ya kuingilia intaneti. Hata gemu lilipokuwa limejaza skrini, Explorer iliendelea kuingiza rangi zake kwenye paleti. Gemu likasema "maji, ndoo ya 14", na ndani ya ndoo ya 14 kumbe mtu ameshamwaga zambarau.

Wachezaji wenyewe ndio waliosambaza dawa. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili ufungue Task Manager. Tafuta explorer.exe, izime. Usiogope upau na alama zote zikipotea. Kwenye Task Manager hiyohiyo, upande wa File, anzisha kazi mpya na uelekeze kwenye gemu. Maji yanarudi bluu! Ukimaliza kucheza, anzisha kazi mpya tena, andika explorer, deskitopu inarudi kama ilivyokuwa. Wengine waligundua kwamba ukiacha wazi dirisha la kubadilisha ukubwa wa skrini kabla ya kuanzisha gemu, rangi zinakaa sawa pia. Waliofanya hivi hawakununua kitu wala hawakufungua boksi. Walimtoa tu chumbani yule anayegusa ndoo.

Ndege iliyopotea baada ya miaka ishirini

Usidhani mambo haya yaliisha na Windows 7. Kisa cha karibuni kinahusu gemu ambalo karibu kila kijana wa rika langu amelicheza: GTA San Andreas, la mwaka 2004. Ndani yake kuna ndege ya kutua majini inayoitwa Skimmer. Watu walipohamia toleo la Windows 11 linaloitwa 24H2, ndege hiyo ikatoweka. Ukilazimisha itokee, mchezaji anarushwa angani mbali kabisa. Lawama zote zikaenda kwa Windows, maana ndiyo iliyobadilika.

Mtengeneza programu anayejulikana kwa jina la Silent, mtu wa siku nyingi katika kurekebisha gemu za zamani za GTA, akachimba mpaka akafika kwenye mzizi, na Aprili 2025 akaandika alichokikuta. Gemu lina faili la maandishi linaloorodhesha magari, boti na ndege zote pamoja na vipimo vyake. Mstari wa Skimmer ulikosa kipimo cha magurudumu. Kwa nini? Kwa sababu kwenye GTA Vice City ya mwaka 2002 Skimmer iliorodheshwa kama boti, na boti haina magurudumu. Kwenye San Andreas ikahamishiwa kwenye kundi la ndege, ila hakuna aliyekumbuka kujaza vipimo.

Sasa kwa nini ilifanya kazi miaka yote hiyo? Kwa sababu programu haikuwa inafuta sehemu ya memori inayosomea vipimo. Ikikosa kipimo cha Skimmer, inachukua kilichosalia kutoka kwa gari lililotangulia kwenye orodha, na kwa bahati kilikuwa kipimo kinachofaa. Ni kama mtu anayekunywa chai kwenye kikombe ambacho hakijaoshwa na kukuta sukari ya mtu aliyepita. Toleo jipya la Windows likaanza kutumia kipande kilekile cha memori kwa namna tofauti kidogo, jambo ambalo lina haki ya kulifanya, na kile kilichosalia kikafutwa. Ndege ikapata kipimo cha ajabu ikatoweka.

Ona visa hivi viwili vilivyo kinyume. Kwa Skimmer, Windows ililaumiwa na kosa lilikuwa la gemu, tangu 2004. Kwa mjomba, kadi ya picha ililaumiwa na kosa lilikuwa la Windows. Kote kuwili, aliyelaumiwa ni yule aliyekuwa karibu na macho.

Karatasi ya ukutani

Yule fundi simlaumu. Wakati huo umeme wa Kigoma ulikuwa wa jenereta za dizeli, gridi ya Taifa ilikuwa bado haijafika, na yeye vifaa vilivyoungua alikuwa anavipokea kweli. Mtu anayeona kadi zilizoungua kila wiki, akiona rangi mbaya atasema kadi imeungua. Alichokosa ni maswali machache ya kuuliza kabla ya kutoa hukumu. Nayaandika hapa, yakusaidie na wewe.

Kwanza, mauzauza yanaonekana wapi? Kama ni kwenye gemu moja tu, na Word, video na deskitopu viko safi, usianze kushuku kadi. Ya mjomba ilichapa barua safi mpaka siku inauzwa.

Pili, nini kimebadilika? Windows mpya, draiva mpya, memori mpya? Kama tatizo lilianza siku ileile, anzia hapo.

Tatu, yanaonekana hata kabla Windows haijaanza, kwenye yale maandishi ya kwanza ukiwasha? Kama ndiyo, hapo shuku vifaa: kadi, waya au skrini yenyewe.

Nne, piga skrinishoti, ihamishie kwenye simu. Ikiwa safi huko wakati skrini ina madoa, mara nyingi tatizo liko kwenye waya au skrini.

Tano, yanaanza papo hapo au baada ya nusu saa? Yakisubiri mashine ipate moto, fungua boksi usafishe vumbi la feni kwanza.

Mwaka jana nilimpigia mjomba simu nikamweleza habari yote, ndoo na Explorer na kila kitu. Akanyamaza kidogo.

"Kwa hiyo zile barua tungeendelea tu kuchapa?"

"Ndiyo, mjomba."

"Hebu niandikie hayo maswali yako kwenye karatasi," akasema. "Niyabandike hapa dukani. Hawa vijana wanaokuja kunipigia Windows wayasome kwanza kabla hawajagusa kitu."

Nimemwandikia, na imebandikwa juu ya swichi ya mashine ya kopi. Ukipita Kasingirima kutoa kopi, utaiona.