Sumaku na kidhibiti mapigo ya moyo: kwa nini simu isikae kifuani

Watu waliowekewa kidhibiti mapigo ya moyo, kinachojulikana pia kama pesimeka au betri ya moyo, huambiwa wasiweke sumaku karibu na kifua. Wengi hudhani sumaku itakiharibu kifaa. Kwa kawaida hakiharibiki. Hubadilisha tu namna kinavyofanya kazi, na kimetengenezwa hivyo kwa makusudi.

Kifaa kinaitambuaje sumaku?

Umeme unapopita kwenye kipande chembamba cha metali, kisha sumaku ikasogezwa karibu, nguvu ya sumaku husukuma chaji za umeme kuelekea upande mmoja wa kipande hicho. Upande huo hujaa, mwingine hupungukiwa, na tofauti yake hupimika kama volteji ndogo. Edwin Hall aliligundua jambo hili mwaka 1879 katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, kwa kutumia utando mwembamba wa dhahabu. Siku hizi hutumika silikoni na mata zinazofanana nayo, kwa kuwa volteji yake ni kubwa zaidi.

Kihisi cha Hall ni kidogo na hakina sehemu inayosogea. Utakikuta kwenye mota za pikipiki za umeme, kwenye simu ambazo kioo huzimika ukifunga kifuniko chake, na ndani ya baadhi ya vidhibiti mapigo. Vidhibiti vingine vina swichi ndogo inayovutwa na sumaku, au kihisi cha aina nyingine. Kwa mgonjwa, matokeo hayana tofauti kubwa.

Nini hutokea sumaku ikikaribia?

Kidhibiti cha kawaida huacha kufuatilia mapigo ya moyo wako na kuanza kupiga kwa kasi moja isiyobadilika. Daktari hunufaika na hali hiyo: huweka sumaku juu ya ngozi ili kuangalia betri, au wakati wa upasuaji unaotumia kisu cha umeme, ambacho kinaweza kukichanganya kifaa.

Kwa wenye kifaa cha kushtua moyo, jambo ni zito zaidi. Sumaku husitisha uwezo wake wa kushtua. Moyo ukianza kwenda mbio kwa hatari wakati sumaku ipo, kifaa hakitauokoa, na huenda mgonjwa asijue kwamba kimesitishwa. Mapema mwaka 2021 madaktari wa Michigan, Marekani, waliripoti kwamba simu ya iPhone 12, ambayo ina sumaku za kuchajia mgongoni, ilisitisha kifaa cha mgonjwa ilipowekwa juu ya kifua.

Umbali unaotosha

Sentimita 15, yaani takriban urefu wa kalamu. Nguvu ya sumaku ndogo hushuka haraka sana kadiri unavyoisogeza mbali, kwa hiyo hakuna haja ya kuiogopa simu iliyo mezani. Tatizo ni mazoea yetu: simu kwenye mfuko wa shati au ndani ya sidiria, kulala nayo kifuani, spika za masikioni zinazoning'inia shingoni, beji ya jina yenye sumaku, kifungo cha mkoba wa begani. Bangili za sumaku zinazouzwa kwa madai ya kutibu maumivu nazo zimo. Ukilala na mkono chini ya kidevu, zinakuwa karibu mno. Kwa jiko la umeme la induksheni, kaa umbali wa sentimita 60. Ongea na simu kwa sikio la upande usio na kifaa.

Ukihisi kizunguzungu au moyo kwenda vibaya, ondoa kitu hicho mara moja. Kwa kawaida kifaa hurudi kwenye kazi yake sumaku ikiondoka. Dalili zikiendelea, au ukizimia, nenda hospitali bila kuchelewa.

Tembea na kadi ya kifaa chako. Ionyeshe uwanja wa ndege, na kabla ya kipimo cha MRI, kwa sababu mashine hiyo ni sumaku kubwa mno na si kila kifaa kinaruhusiwa kuingia humo.