Kutoka Kilemba hadi Mwezi wa Dalali: Upangishaji wa Nyumba Buhongwa, Mwanza

Katika kata ya Buhongwa, wilayani Nyamagana, mtafuta chumba aghalabu hukutana na dalali kabla ya kumwona mwenye nyumba. Kwa desturi dalali hulipwa kodi ya mwezi mmoja, juu ya kodi ya miezi sita au mwaka inayodaiwa mapema. Tuchukulie chumba cha shilingi 80,000 kwa mwezi: mpangaji atatoa 480,000 kwa mwenye nyumba na 80,000 kwa dalali, kabla ya kulala humo hata usiku mmoja. Hoja ya makala haya ni kwamba malipo hayo hayakuzaliwa na soko huria. Mzizi wake umo katika uhaba wa enzi ya udhibiti.

Mwaka 1971 serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya shilingi 100,000 na zaidi, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Sheria ya mwaka 1984 nayo ilidhibiti kodi za pango. Kodi ikashuka, vyumba vikawa adimu, na aliyetaka ufunguo alitoa kilemba, malipo yasiyo na stakabadhi. Aliyejua nani anahama alikuwa tayari na bidhaa ya kuuza. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005. Bei iliachiwa huru, lakini habari za vyumba zilibaki mikononi mwa wachache.

Buhongwa inadhihirisha jambo hili vizuri kuliko katikati ya jiji. Mwanza, iliyopewa hadhi ya jiji mwaka 2000, imebanwa na ziwa upande mmoja na vilima vya mawe upande mwingine. Makazi yakasogea kusini kufuata barabara ya Shinyanga. Huko nyumba hujengwa na watu binafsi, kidogo kidogo, na vyumba hupangishwa kimoja kimoja. Hakuna daftari la vyumba vilivyo wazi isipokuwa kichwa cha dalali na simu yake. Mara nyingi mwezi huo mmoja hugawanywa: aliyeleta mteja na aliyekijua chumba hupata kila mmoja fungu lake.

Utata mkubwa uko kwenye swali la dalali ni wakala wa nani. Mpangaji ndiye alipaye, ilhali dalali humlinda mwenye nyumba, ambaye atamhitaji tena. Sheria ya Mikataba (Sura ya 345) huhesabu ujira wa wakala kuwa haujaiva hadi kazi ikamilike, isipokuwa pawe na makubaliano maalumu. Fedha ya kuonyeshwa vyumba, itolewayo hata chumba kisipopatikana, imejipenyeza katika mwanya huo wa makubaliano, tena ya mdomo. Ajabu ni kwamba neno lilo hilo, dalali, humtaja pia dalali wa mahakama, mwenye uteuzi rasmi. Wa vyumba hana hata kitambulisho. Naye mpangaji akikaa miaka kumi, dalali hapati kitu. Akihamahama kila baada ya miezi sita, mwezi wa dalali hurudi upya.