Dakika 23 za Kuzomewa

Kanda ipo mpaka leo, na anayetaka anaweza kuisikiliza. Ni Juni 16, 1978, ukumbi wa Ancienne Belgique mjini Brussels. Mashine inagonga mapigo yaleyale bila kuchoka, kinanda kinanguruma juu yake, na mwanamume anaimba kwa kunong'ona, mara anapasua ukelele. Mwanzoni watu wanapiga makofi ya adabu. Kisha miluzi. Kisha ukumbi mzima unazomea na kumwita Elvis Costello, kwa sababu ndiye waliyemlipia kiingilio. Kipaza sauti kinanyakuliwa jukwaani. Costello alipopanda, alikuwa amekasirika kwa jinsi wenzake walivyotendewa. Akapiga nyimbo chache, akaondoka, na usiku ukaishia kwenye vurugu na polisi.

Wazomewa walikuwa wawili tu: Alan Vega, mwimbaji, na Martin Rev, mpiga kinanda. Bendi yao, Suicide, ilitoka New York. Howard Thompson, mtu wa kampuni ya rekodi ya Uingereza, ndiye aliyewanasa kwa kinasa sauti cha kaseti, na fedheha ile baadaye ikatolewa kama rekodi kwa jina la 23 Minutes over Brussels. Ni bendi chache zinazouza kuzomewa kwao.

Kwa vijana wetu, panki ni mtindo wa kunyoa nywele. Ukitaka kujua neno hilo lilivyoingia kwenye muziki, utaambiwa habari za bendi za Ramones na Sex Pistols, na hutakuwa umedanganywa. Lakini Ramones waliundwa 1974. Suicide waliliandika neno punk kwenye tangazo la onyesho lao mwaka 1970, wakiwa wameliokota katika maandishi ya mhakiki wa muziki Lester Bangs. Panki yenyewe ilipokuja kushika moto, mashabiki wake waliwatazama wawili hawa wakauliza: gitaa liko wapi? Mpiga ngoma yuko wapi?

Vega hakuwa mwanamuziki. Jina lake la kuzaliwa ni Alan Bermowitz, mtoto wa Brooklyn aliyesoma sanaa chuoni na kuwa mchongaji, ingawa kuchonga si neno lenyewe: alikuwa akikusanya balbu, nyaya na takataka za umeme, akiziunganisha kuwa misalaba na mafungu ya taa. Mwaka 1969 alimwona Iggy Pop na bendi yake, Stooges, jukwaani huko Queens, na kuanzia hapo taa peke yake hazikumtosha. Rev, ambaye ni Martin Reverby, alitokea upande mwingine kabisa. Alikuwa mtu wa jazi, aliyewahi kufundishwa na mpiga piano Lennie Tristano. Walikutana katika ukumbi wa wasanii uliokuwa wazi usiku na mchana, Project of Living Artists, ambako Vega alikuwa mwangalizi wa jengo. Inasimuliwa kwamba jina la bendi walilitoa kwenye katuni za Ghost Rider, yule mwendesha pikipiki mwenye fuvu linalowaka. Kwa jina lenye maana ya kujiua, usitegemee redio ikukaribishe.

Hapo mwanzo walikuwa na mpiga gitaa. Akaondoka. Fedha ya kuajiri mtu haikuwapo, basi Rev akapata mashine ya ngoma ya Seeburg, kampuni ya Chicago iliyojulikana kwa majuboksi. Mashine hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya fujo. Ilikuwa ya mpiga kinanda wa hotelini au wa harusini asiye na wenzake: unabonyeza kitufe cha rumba, inapiga rumba, unabonyeza cha valsi, inapiga valsi. Anayejua harusi zetu za mtu mmoja na kinanda chake ana picha kamili. Rev aliipitisha sauti yake, pamoja na ya kinanda chake cha bei poa, kwenye vifaa vya kuikwaruza mpaka ikawa kama injini inayokaribia kukata.

Juu ya hayo, Vega alipanda jukwaani na mnyororo mkononi, akiupiga ukutani na sakafuni, na wakati mwingine akiwazuilia watu mlangoni wasitoke. Sidhani kama wote waliokaa hadi mwisho walikaa kwa hiari.

Miaka saba ilipita hivyo bila albamu. Marty Thau, aliyewahi kuisimamia bendi ya New York Dolls, alipoanzisha lebo yake ya Red Star, aliwaingiza studio pamoja na Craig Leon, mtayarishaji wa albamu ya kwanza ya Ramones. Leon aliitandaza sauti ya Vega kwa mwangwi, kwa namna inayofanana na muziki wa dub wa Jamaika, na maneno yakawa yanaondoka na kurudi kama mtu anayeita kwenye handaki. Albamu ilitoka Desemba 1977, ikiwa na nyimbo saba. Mmoja, "Frankie Teardrop", unazidi dakika kumi. Ni habari ya kijana wa kiwandani ambaye mshahara hautoshi, nyumba iko mbioni kuchukuliwa, na siku moja anaingia ndani na bunduki. Hakuna kiitikio cha kumpa msikilizaji nafasi ya kupumua. Mashine inagonga tu, na ghafla Vega anapiga ukelele. Nimeusikiliza mara tatu, na sina haraka ya mara ya nne.

Albamu haikuuzika. Wakaenda Ulaya, wakazomewa Brussels. Wakafungua maonyesho ya bendi ya panki ya The Clash huko Uingereza, wakarushiwa chupa, na Vega alisimulia kwamba huko Glasgow shoka lilimpita karibu na kichwa.

Ila waliokuwa wakisikiliza walisikiliza kweli. Bruce Springsteen, mwimbaji wa wafanyakazi wa Marekani, aliupenda mno ule wimbo wa Frankie, na mikelele ya "State Trooper" katika albamu yake ya Nebraska, 1982, imetoka huko moja kwa moja. Mwaka 2005 alikuwa akifunga maonyesho yake ya peke yake kwa kuimba "Dream Baby Dream", wimbo wa Suicide wa 1979. Nchini Uingereza, Soft Cell walishika njia ileile, mwimbaji mmoja na mtu mmoja wa mashine, wakafika kileleni mwa chati 1981. Na mwimbaji M.I.A. alipotoa "Born Free" mwaka 2010, mngurumo unaouendesha wimbo wote ulikuwa wa "Ghost Rider" ya Suicide. Alipouimba kwenye runinga ya Marekani, katika kipindi cha David Letterman, nyuma ya kinanda alisimama Rev mwenyewe.

Vega alifariki usingizini Julai 2016. Kwa miaka mingi magazeti yaliandika kuwa alizaliwa 1948, na yeye aliacha iwe hivyo. Mwaka 2008 lebo moja ya London ilipoanza mfululizo wa rekodi za kusherehekea miaka yake 70, ya Springsteen ikiwamo, watu walilazimika kurudia hesabu. Kumbe alizaliwa Juni 23, 1938. Usiku ule wa Brussels, vijana walipokuwa wakimpokonya kipaza sauti, alikuwa amebakiza wiki moja kutimiza miaka 40.