Daftari la Mjomba

Wako watu wanaoweka historia kwenye vitabu vikubwa, na wako wanaoiweka kwenye daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Mjomba wangu ni wa kundi hili la pili.

Mwaka 1973 alikuwa na miaka 13. Akitoka shule, badala ya kwenda nyumbani, anapitiliza hadi kiwanja cha ndege cha Tanga. Wenzake walicheza mpira, yeye alikwenda kuangalia ndege. Rafiki yake mmoja tu ndiye aliyemuelewa, mtoto wa Kikenya ambaye baba yake alifanya kazi bandarini.

Kiwanja kilikuwa kimya, bwana! Siku nyingine wanakaa mpaka jua linazama, hawajaona kitu. Siku ya bahati wanasikia mngurumo. Dakota waliijua kwa inavyokaa chini, mkia ardhini na pua juu, kama mtu anayetafuta mwezi wa Ramadhani. Fokker Friendship mabawa yako juu ya madirisha, na sauti yake kali inaziba masikio. Hapo wanasoma herufi za ubavuni na kuziandika kwa kupokezana, mstari huu wa mjomba, unaofuata wa rafiki yake.

Kumbe herufi zile ndizo historia yenyewe. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilianza mwaka 1946, makao yake Nairobi, nalo lilikuwa mali yetu wote. Ndege zake zilikuwa na jina moja lakini zilisajiliwa katika nchi zote tatu. 5Y ni ya Kenya, 5X ya Uganda, 5H ya Tanzania. Wale watoto walizichanganya zote katika ukurasa mmoja, na hawakuona ajabu.

Wakubwa ndio walioona. Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoundwa kwa mkataba wa mwaka 1967, ilibeba reli, bandari, posta na ndege. Lakini siasa zilitofautiana. Idi Amin alipopindua serikali ya Uganda mwaka 1971, Mwalimu Nyerere alikataa kukaa naye meza moja. Shirika la ndege likazama katika madeni, na nchi zikalaumiana nani hajaleta fedha. Mapema mwaka 1977 likafa. Februari Kenya Airways ikaanza kuruka, na mwezi huohuo Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Machi likaundwa Shirika la Ndege la Tanzania.

Vijana wale walikuwa wameshaanza kuota ndevu. Familia ya rafiki yake ikafungasha, ikarudi kwao Mombasa. Tanga na Mombasa ni karibu tu, lakini mwaka ule pakawa mbali kuliko Ulaya.

Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983. Mjomba alikuwa ameshaoa, na anwani aliyokuwa nayo haikujibu tena.

Mimi nina ndoto ya kuandika riwaya. Nilipopewa daftari hili nikaona nimepata mkasa. Nikaandika sura nzima: mpaka unafunguliwa, marafiki wawili wanakumbatiana Horohoro, machozi yanatiririka. Nikamsomea mjomba. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Mjomba, sisi hatukukutana. Kama unatuhurumia, tuache vilevile."

Niliona aibu. Sura ile nikaichana, ndiyo maana leo unasoma historia badala ya hadithi.

Jumuiya imefufuka, mkataba wake ulitiwa saini Arusha Novemba 1999. Nilimuuliza mjomba kama alifurahi. Akacheka, akasema mashirika yanafufuka, lakini watu ni kazi.

Hebu nikueleze kurasa za mwisho za daftari. Baada ya mwaka 1977 kuna 5H tupu, mwandiko mmoja. Lakini mjomba aliendelea kuruka mstari. Anaandika mmoja, anauacha unaofuata, hivyohivyo mpaka daftari likaisha.

Basi wewe mwenzangu unayetaka kuandika, kabla hujabuni machozi ya watu, kamuulize mzee wako ana daftari gani kabatini. Na ukipewa, tazama na mistari aliyoiacha wazi.