Kuhama Bwaise: Historia Iliyojificha Nyuma ya Kodi ya Nyumba Mjini Kampala

Mwezi wa nne mwaka juzi, maji ya mvua yaliingia chumbani kwetu Bwaise mara tatu katika wiki moja. Watu wa Bwaise tumezoea maji. Mbele ya milango mingi kuna kizingiti cha saruji kinachokaribia goti, na miguu ya vitanda imeinuliwa juu ya matofali. Lakini mara ya tatu maji yalipita juu ya kizingiti usiku, yakaloanisha magodoro ya wadogo zangu na gunia zima la maharagwe ambalo Mama alikuwa amenunua kwa ajili ya biashara yake sokoni. Asubuhi Baba alisema neno moja tu: tunahama.

Kwa wiki sita tulizunguka mji na madalali. Mwishowe tulibaki na sehemu tatu. Ya kwanza ilikuwa Kisenyi, karibu kabisa na soko la Owino ambako Mama anauza nafaka. Ya pili ilikuwa Nansana, kwenye barabara ya Hoima, ambako Baba alionyeshwa kipande cha ardhi cha kununua. Ya tatu ilikuwa Banda, upande wa mashariki karibu na barabara ya Jinja, vyumba viwili vya kupanga kwenye mteremko wa kilima. Nyumbani tulijadiliana kuhusu kodi, nauli na maji. Mimi, kwa kuwa nasoma Kiswahili na historia, nilianza kujiuliza swali jingine: kwa nini sehemu hizi tatu, zilizo katika mji mmoja, zina bei tofauti, sheria tofauti na hatari tofauti? Hoja ya insha hii ni kwamba mtu anayechagua mtaa Kampala hachagui nyumba tu. Anachagua pia mipaka iliyochorwa na watu waliokufa zamani, na asipoijua mipaka hiyo anaweza kupoteza akiba ya miaka mingi.

Mgeni akifika Kampala huambiwa kwamba mji umejengwa juu ya vilima saba. Leo vilima vyake ni zaidi ya saba, lakini usemi huo una ukweli ndani yake: huu ni mji wa vilima na mabonde, na katika mabonde mengi palikuwa na kinamasi cha mafunjo. Katika karne ya 19 wafalme wa Buganda walikuwa wakihamisha makao yao makuu, yaitwayo kibuga, kutoka kilima kimoja hadi kingine. Mwingereza John Hanning Speke alipofika mwaka 1862 alimkuta Kabaka Mutesa I huko Banda. Stanley alipofika mwaka 1875 makao yalikuwa Rubaga. Mutesa alifariki mwaka 1884 akazikwa Kasubi, na mwanawe Mwanga akajenga Mengo. Kwa hiyo kuhama lilikuwa jambo la kawaida hata kwa mfalme. Kuni zikiisha, maradhi yakizidi au mfalme akifa, watu walifungasha wakaenda kilima kingine. Katika yote hayo kilima ndicho kilichotafutwa, na bonde liliachiwa mafunjo na maji.

Wageni waliofuata walijifunza haraka. Waprotestanti walikaa Namirembe, Wakatoliki wakakaa Rubaga, baadaye Wakatoliki wa shirika la Mill Hill wakakaa Nsambya, na Waislamu wakapata kitovu chao Kibuli. Desemba 1890 Kapteni Frederick Lugard wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki alipofika, hakukubali kukaa mahali alipoonyeshwa na watu wa Kabaka. Alichagua mwenyewe kilima kidogo mkabala wa Mengo, akajenga ngome. Kilima hicho ndicho leo tunachokiita Kampala Kongwe, na jina lake limekuwa jina la mji mzima. Kwa maneno mengine, mji wetu ulianza na mgeni aliyekataa kiwanja alichopewa.

Mpaka wa pili muhimu ulichorwa kwa kalamu. Tarehe 10 Machi 1900 Waingereza na watawala wa Buganda walitia saini mkataba uliogawa ardhi kwa maili za mraba. Kabaka alitengewa maili 350. Maili 8,000 ziliwekwa kwa ajili ya machifu na wenye ardhi binafsi wapatao 1,000, na sehemu kubwa ya iliyobaki ikawa mali ya serikali ya Kiingereza. Ardhi hiyo ya machifu ikaitwa mailo. Msomaji wa Kiswahili atatambua neno hili mara moja. Sisi tulilichukua neno la Kiingereza likawa "maili", tukapimia umbali wa safari. Waganda walilichukua neno hilohilo likawa "mailo", likawa jina la umiliki. Mkulima wa kawaida, ambaye babu zake walilima hapo, hakupata maili hata moja. Alibaki na kibanja, yaani haki ya kukaa na kulima kwenye ardhi ya mtu mwingine, huku akilipa kodi iitwayo busuulu. Mwaka 1928 sheria iliweka kikomo cha malipo hayo na kumlinda mkulima asifukuzwe ovyo. Hata hivyo, ardhi moja iliendelea kuwa na wenyewe wawili: mwenye hati na mwenye kibanja.

Mpaka wa tatu ulikuwa wa rangi ya ngozi. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson alitumwa kuchunguza afya ya miji ya Afrika Mashariki, ikiwemo ya Kenya, Uganda na Zanzibar. Alipendekeza Wazungu, Wahindi na Waafrika wakae mitaa tofauti, na katikati yao paachwe eneo wazi. Sababu iliyotolewa ilikuwa magonjwa. Mpango wa mji wa Kampala ulioandikwa na A. E. Mirams mwaka 1930 ulifuata fikra hiyo. Wazungu walikaa Nakasero. Wahindi walikaa kuzunguka maduka yao na baadaye Kololo, na kati ya Nakasero na Kololo pakawa na uwanja wa gofu katika bonde la Kitante. Waafrika hawakupangiwa mahali pa maana ndani ya mji huo, ingawa ndio waliokuwa wakiujenga na kuusafisha. Mwaka 1947 mbunifu Mjerumani Ernst May alitoa mpango mpya wa kupanua mji kuelekea Kololo na Naguru, na miaka ya 1950 serikali ikajenga nyumba za Waafrika Naguru na Nakawa. Hiyo ilikuwa hatua mbele, lakini nyumba zilikuwa chache kuliko watu.

Wengine walikaa wapi? Hapa ndipo Kisenyi inapoingia. Kampala ya wakoloni na kibuga cha Mengo vilikuwa miji miwili iliyopakana. Kanuni za ujenzi za manispaa ziliishia mpakani, na huduma zake pia ziliishia hapohapo. Mfanyakazi aliyetoka Rwanda, Kenya, Acholi au Ankole hakuweza kumudu wala kuruhusiwa kujenga upande wa manispaa, kwa hiyo alivuka mpaka na kupanga chumba kwenye mailo ya Mganda. Kisenyi, bondeni chini ya Mengo, ilikuwa hatua chache tu kutoka madukani. Watafiti Aidan Southall na Peter Gutkind, waliochunguza Kisenyi na Mulago miaka ya 1950, walikuta mitaa iliyosongamana, yenye watu wa makabila mengi, vyumba vya kupanga, pombe za kienyeji na biashara ndogondogo za kila aina. Vyumba vya namna hiyo, vilivyopangwa kwa mstari chini ya paa moja, leo tunaviita mizigo. Tulionyeshwa chumba kimoja Kisenyi ambacho, ukiondoa bati jipya na waya wa umeme, kingeweza kuwa cha wakati huo.

Miji hiyo miwili iliunganishwa rasmi mwaka 1968. Miaka minne baadaye Idi Amin aliwapa Wahindi siku 90 waondoke, na nyumba zao nzuri za Kololo na mjini zikagawiwa watu wengine. Mtu angetarajia kwamba wakati huo mipaka ya zamani ingefutika. Haikufutika. Waliobadilika ni wakazi wa kilimani, lakini kilima chenyewe kilibaki cha wenye nacho. Mwaka 1975 Amin alitangaza ardhi yote kuwa ya umma, lakini Katiba ya 1995 ikarudisha mailo, na Sheria ya Ardhi ya 1998 ikathibitisha haki ya mwenye kibanja. Yaani mkataba wa 1900 bado unaishi katika kila mazungumzo ya kununua kiwanja.

Sasa nirudi kwetu. Mama alipenda Kisenyi kwa sababu angetembea kwa miguu hadi sokoni. Nauli ya teksi, ambazo Wakenya huziita matatu, inakula faida ya kilo kadhaa za maharagwe kila siku. Lakini Kisenyi iko bondeni kama Bwaise. Mama mwenyewe ndiye aliyeuliza wapangaji wa pale, "Mvua ikinyesha mnalala?" Mwanamke mmoja alicheka, akamwonyesha alama ya maji ukutani. Hatukurudi tena. Bwaise na Kisenyi ni za watu maskini kwa sababu ileile: kila aliyekuwa na uwezo wa kuchagua, kuanzia wafalme na wamisionari hadi wakoloni, alipanda juu.

Nansana ndiyo iliyotuletea ugomvi. Baba amepanga nyumba za watu kwa miaka 22. Aliposikia kwamba kuna kibanja cha kununua kwa bei tunayoweza kuikusanya, macho yake yaling'aa. Dalali alituonyesha mawe ya mpaka, mti wa parachichi, hata mahali pa kuchimba choo. Nilimuuliza: "Mzee, mwenye mailo ni nani?" Alinijibu kwamba mwenye hati alikwisha kufa, watoto wake wako nje, na kwamba "hakuna anayesumbua". Niliuliza kama kuna stakabadhi za busuulu. Hazikuwepo. Sheria inataka anayeuza kibanja apate kwanza idhini ya mwenye ardhi. Bila idhini hiyo tungenunua mti wa parachichi na maneno matupu.

Njiani kurudi Baba hakusema nami. Usiku aliniambia, "Mwanangu, nimekulipia karo ili unizuie kuwa na kwangu?" Sikuwa na jibu zuri. Nilimweleza habari za 1900 na 1928, naye akanisikiliza kimya. Kisha akasema jambo ambalo sijalisahau: kwamba watu waliogawana ardhi ile hawakumuuliza babu yake, na sasa yeye anatakiwa kuwauliza wajukuu wao. Sijaona kitabu kilicholisema vizuri zaidi.

Wapo watakaosema kwamba natafuta historia mahali ambapo kuna fedha tu. Mwenye fedha atakaa Kololo, asiye nazo atakaa Bwaise, basi. Nakubali kwamba fedha ndizo zinazofungua mlango. Lakini fedha hazielezi kwa nini Kololo ina barabara pana na viwanja vikubwa ilhali bonde la jirani lina vichochoro visivyopitisha gari la zimamoto. Hilo linaelezwa na mipango ya 1930 na 1947. Wala fedha hazielezi kwa nini mtu anaweza kulipia ardhi yote na bado akafukuzwa. Hilo linaelezwa na mkataba wa 1900. Bei ni tarakimu ya leo, lakini imeandikwa juu ya ramani ya zamani.

Tulihamia Banda. Tunapanga, hatumiliki. Mama anapanda teksi mbili asubuhi na mbili jioni, na faida yake imepungua. Wadogo zangu walilazimika kubadilisha shule katikati ya muhula. Majirani zetu wanazungumza Kiluganda, Kiacholi, Kiteso na Kiswahili, kwa kuwa sehemu hii pia ilipokea watu waliokimbia vita vya kaskazini. Mvua ikinyesha, maji yanapita mbele ya mlango wetu na kuteremka bondeni, kwa watu wengine. Naifurahia sauti hiyo na inanisumbua pia, kwa kuwa najua yanakokwenda.

Nilipogundua kwamba Banda ndiko Speke alikomkuta Mutesa mwaka 1862, nilimwambia Baba kwa furaha kwamba tunakaa alipokaa Kabaka. Alitabasamu kidogo. "Kabaka naye alihama," alisema. Bado anaweka akiba, na kila mwisho wa mwezi husoma matangazo ya viwanja. Tofauti ni kwamba sasa, kabla ya kuuliza bei, huuliza kwanza hati iko kwa nani na bonde liko upande gani. Nadhani maswali hayo mawili ndiyo muhtasari wa historia ya Kampala, na yeyote anayetaka kuhama katika mji huu ayaulize kabla ya kufungasha godoro lake.